Kwasari nyekundu: shajara ya mradi wa usiku

Jumapili, 2 Februari 2025

Mradi umeanza rasmi leo, kwa maana ya kwamba nimenunua daftari. Swali ni moja tu: kwa nini baadhi ya kwasari ni nyekundu?

Kwa atakayesoma bila kuwa na habari za mambo haya: kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi, lenye uzito wa mamilioni hadi mabilioni ya jua letu, linameza gesi. Gesi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kama maji yanayoelekea tundu la sinki, husuguana, hupata moto, na hung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Ya kwanza kutambuliwa ilikuwa 3C 273, mwaka 1963, Maarten Schmidt aliposoma spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi, akakuta mistari ya hidrojeni imesogea kwa asilimia 15.8 kuelekea upande wa nyekundu. Kumbe kitu kilichodhaniwa nyota kipo zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru kutoka hapa.

Niseme mapema, maana wanafunzi wangu wote hujikwaa hapa: wekundu ninaoutafuta sio huo wa Schmidt. Ule unatokana na ulimwengu kutanuka, na kila kwasari unao. Ukishauondoa huo kwa hesabu, kwasari nyingi hubaki na mwanga wa bluu, kama inavyotarajiwa kwa gesi yenye joto kali. Chache hukataa. Hizo ndizo zangu.

Maelezo yanayogombana ni mawili. La kwanza ni la mahali ulipokaa. Kiini kimezungukwa na vumbi lenye umbo la ngata, ile nguo wanayokunja kina mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Ukitazama kwa juu, kupitia tundu la ngata, unaona bluu safi. Ukitazama kwa ubavu huoni kitu. Ukitazama kwa kuchungulia ukingoni, mwanga unapita kwenye vumbi kiasi na kuwa mwekundu. Kwa maelezo haya, kwasari nyekundu na za bluu ni ndugu mapacha, tofauti ni dirisha ulilosimama.

La pili ni la umri. Kwasari huzaliwa ikiwa imefunikwa, kisha upepo wake yenyewe, yaani gesi inayofukuzwa kutoka kiinini, unafagia vumbi, na nyekundu ni zile zilizokamatwa zikiwa bado zinafagia. Mimi naegemea huku. Nimeliandika ukurasa wa kwanza ili baadaye nisijidai sikuwa na upande.

Jumamosi, 8 Februari

Nimepakua katalogi. Nilitaka ile kubwa ya SDSS, sensa ya anga ya Sloan, yenye kwasari 750,414, lakini bando langu halina ubavu huo, na nitashukuru baadaye. Nimechukua ile ya Yue Shen na wenzake ya mwaka 2011: kwasari 105,783, zote zimepimwa kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko Apache Point, New Mexico. Data ni za bure, za mtu yeyote, hata mwalimu wa fizikia wa Tanga mwenye laptopu ambayo kitufe cha herufi E kimeng'oka.

Kila kwasari ina mstari wake, na kila mstari una safu kibao: mahali ilipo angani, z (kiasi ambacho mistari yake imesogea kuelekea nyekundu; kwa ile ya Schmidt ni 0.158), nguvu ya mwanga, uzito unaokadiriwa wa shimo jeusi. Mbili nimezizungushia wino. Moja inasema kama kwasari imeonekana katika FIRST, sensa ya anga iliyofanywa na darubini ya redio ya VLA kwa masafa ya GHz 1.4 kuanzia mwaka 1993. Nyingine inasema kama spektra ina dalili za upepo.

Redio ndiyo nguzo ya mradi wote, kwa sababu vumbi haliyagusi mawimbi yake. Kama wekundu ni suala la dirisha tu, basi redio haina sababu ya kujua ipi nyekundu na ipi ya bluu. Idadi zigawanywe sawa. Zisipogawanyika sawa, maelezo ya dirisha yana kesi ya kujibu.

Jumatano, 12 Februari

Fupi, maana kesho nina vipindi sita. Huwezi kusema "nyekundu" kwa kipimo kimoja kwa kwasari zote, kwa kuwa kadiri z inavyobadilika, mistari minene ya spektra huingia na kutoka kwenye vichujio vya darubini na kuchezea rangi. Kwa hiyo nazipanga kwa z, kutoka 0.2 hadi 2.4, kila kikundi nakitafutia rangi zake chenyewe (tofauti ya kichujio g, cha upande wa bluu, na kichujio i, cha upande mwekundu), na asilimia 10 za mwisho upande mwekundu ndizo naziita nyekundu. Za kulinganisha nazo nazitoa katikati ya kikundi hicho hicho. Ni njia waliyotumia watu wa Chuo Kikuu cha Durham, sijagundua kitu.

Jumapili, 16 Februari

Leo hakuna skripti. Mpwa wangu, miaka tisa, amekuja kushinda kwetu, akataka kujua ninaandika nini kila usiku. Nikachukua glasi ya maji, nikawasha tochi ya simu nyuma yake, nikazima taa ya jikoni. Nikadondosha maziwa kwa kijiko. Tone la kwanza, hakuna. La tatu, la nne, mwanga ukaanza kugeuka manjano. Kufikia la kumi tochi ilikuwa rangi ya chungwa bivu.

"Mjomba, mbona taa imekuwa ya machungwa?"

"Maziwa hayo."

"Maziwa si meupe?"

Nikamweleza kwamba chembe ndogo humpiga teke bluu kumtupa pembeni, na nyekundu hupita kama hayamhusu. Hakuniamini. Akazunguka meza, akainama, akaitazama glasi kwa ubavu. "Huku ni bluu-bluu!" Kweli, bluu hafifu, kama moshi wa mkaa asubuhi.

Halafu akauliza: "Na tukiyamwaga?" Tukayamwaga, tukatia maji safi, taa ikarudi nyeupe.

Nilikaa kimya kidogo. Bila kujua, mtoto alikuwa amejaribu maelezo yote mawili: kwanza alihama dirisha, kisha akafagia. Na mara zote mbili rangi ilibadilika. Ndiyo maana kutazama rangi peke yake hakutoshi.

Mfano wa maziwa una mipaka. Vumbi la angani halitawanyi tu, hufyonza pia, na kile linachofyonza hukitema tena kama joto, mwanga wa infraredi. Nimefanya hesabu kwa kanuni ya vumbi la Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, ndilo linalofanana zaidi na la kwasari. Vumbi la wastani, lenye kipimo cha wekundu wanachokiita E(B−V) cha 0.3, linapitisha kama asilimia 13 tu ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 250. Kwenye nanomita 500 linapitisha asilimia 41 hivi. Kwenye infraredi ya maikromita 6, asilimia 95. Pazia lile lile, lakini mgeni wa infraredi anapita bila hata kuinamisha kichwa.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepata jibu! Kwasari nyekundu zinaonekana kwenye redio kupita za bluu kwa tofauti kubwa, kila kikundi cha z, bila ubaguzi. Grafu ni nzuri kiasi cha kutia kwenye fremu. Nimemtumia dada mmoja tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa yuko Afrika Kusini akifanya kazi na data za redio. Saa saba usiku, nimelala nikitabasamu.

Jumapili, 23 Februari

Jibu lake limekuja na salamu ndefu, habari za watoto, na sentensi moja ya mwisho:

"Sasa kaka, hizo nyekundu ziliingiaje kwenye katalogi?"

Nilidhani ni swali la heshima tu. Sivyo. SDSS haikupima spektra ya kila kitu angani, ilibidi ichague. Njia kuu ilikuwa rangi: kitu chenye rangi zisizofanana na nyota za kawaida kilipewa nafasi. Kwasari za bluu hupita mlango huo kirahisi. Kwasari nyekundu zinafanana na nyota, kwa hiyo nyingi huachwa nje. Lakini mlango wa pili ulikuwepo: kitu chochote kinachofanana na nyota, kikiwa kimeonekana kwenye FIRST, kilipewa nafasi bila kujali rangi.

Yaani sehemu ya kwasari zangu nyekundu ziliingia kwa sababu zina redio, na mimi nikaja mbio kutangaza kwamba zina redio. Ni kama kusimama mlango wa msikiti Ijumaa na kugundua kwamba wakazi wa Tanga karibu wote huswali.

Nimemwandikia: "Dada, umeniumbua." Akajibu kwa kicheko na ushauri: kuna safu kwenye katalogi ile ile inayosema kama kwasari ilichaguliwa kwa utaratibu mmoja wa rangi au la. Katalogi ndogo, nashukuru sana. Ningekuwa na ile ya 750,414, hiyo safu ningeitafuta kwa tochi.

Alhamisi, 6 Machi

Ramadhani. Kazi sasa ni kati ya tarawehe na daku, na ni saa nzuri, nyumba imetulia.

Nimebakiza zile zilizochaguliwa kwa rangi tu. Nikakuta na kosa la pili, langu mwenyewe kabisa. Kwenye safu ya redio, 0 maana yake FIRST ilitazama haikuona kitu. −1 maana yake FIRST haikufika eneo hilo la anga kabisa. Mimi nilizichanganya zote kama "haina redio". Nimejiandikia kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: HATUKUTAZAMA SI HATUKUONA.

Kosa la tatu si langu, ni la maumbile. Vumbi linafifisha mwanga, kwa hiyo kwasari nyekundu iliyofanikiwa kuingia kwenye katalogi lazima kwa asili yake iwe na nguvu kuliko inavyoonekana. Nikiilinganisha na ya bluu yenye mwangaza sawa wa macho, nalinganisha bondia wa uzito wa juu na wa uzito wa kati. Dawa ni kwenda kwa mgeni asiyezuiwa na pazia: nimechukua vipimo vya setilaiti ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009 kutazama anga kwa infraredi, nikakokotoa nguvu ya kila moja kwenye maikromita 6, kisha nikaoanisha nyekundu na bluu zenye nguvu sawa.

Hapo ndipo nilipotegemea grafu yangu ife. Ilikonda, haikufa. Kwasari nyekundu bado zinaongoza kwa redio, na uwiano umeangukia pale pale waliporipoti Lizelke Klindt na wenzake wa Durham mwaka 2019: kati ya mara mbili na tatu. Furaha yangu safari hii ilikuwa ya adabu zaidi. Nilinywa uji nikalala.

Ijumaa, 7 Machi

Nyongeza ya jana, nililolisahau kwa usingizi. Katalogi inatenga redio za aina mbili: zilizobanana kiinini, na zile zenye mabawa makubwa pande mbili yanayotoka hadi nje ya galaksi. Ziada ya kwasari nyekundu iko kwenye zilizobanana. Kwenye mabawa sioni tofauti. Klindt aliona hivyo hivyo, na wenzake waliotumia darubini zenye macho makali zaidi wamekuta ziada hiyo inatoka ndani ya galaksi yenyewe.

Hili ndilo linanifanya niache maelezo ya dirisha. Kama redio hizi zingekuwa jeti, yaani michirizi ya kasi inayoruka kutoka kiinini, zinazotuelekea, zingeng'aa zaidi kwa anayetazama kupitia tundu la ngata, yaani za bluu ndizo zingeongoza. Imekuwa kinyume chake.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki hii nimesoma zaidi ya kuandika. Wazo la umri si la jana. Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS ilipotazama anga kwa infraredi iliona galaksi zinazomwaga joto ajabu huku kwa macho ya kawaida zikiwa hafifu. Mwaka 1988 David Sanders na wenzake wakapendekeza mnyororo: galaksi mbili zenye gesi nyingi zinagongana, gesi inamiminika katikati, nyota zinazaliwa kwa fujo, shimo jeusi linalishwa, kila kitu kimefunikwa vumbi, kisha vumbi linaondolewa na kwasari inajitokeza wazi. Galaksi ya Mrk 231 wengi huichukulia kama iliyokamatwa njiani: kwasari ndani, vumbi nje, mabaki ya mgongano pembeni, na gesi baridi inakimbia kutoka katikati.

Nini hasa kinafagia? Hapa fizikia ni tamu, na ningeweza kuifundisha kidato cha sita kwa ubao mmoja. Mwanga una msukumo. Uvutano wa shimo jeusi unavuta gesi ndani, mwanga unaisukuma nje, na kuna kikomo, kile cha Eddington, ambapo viwili hivi hulingana. Lakini kikomo hicho hukokotolewa kwa gesi tupu, mwanga ukisukuma elektroni. Tia vumbi ndani ya gesi, na mwanga sasa una tanga la kusukuma: chembe ya vumbi hunasa mwanga kwa ufanisi wa mamia ya mara zaidi. Kwa hiyo kwasari ambayo haijafika hata karibu na kikomo kwa gesi tupu, kwa gesi ya vumbi imeshakipita zamani. Vumbi lile lile linaloificha ndilo linaloipa mkono wa kulisukuma.

Na hufukuzwa kweli. Claudio Ricci na wenzake walionyesha mwaka 2017, kwa viini vya galaksi za karibu, kwamba kuna eneo kwenye grafu ya nguvu na kiasi cha gesi ya vumbi ambalo karibu halina wakazi: ndiko ambako msukumo unashinda uvutano. Kitu kikiingia humo hakidumu. Kwasari nyekundu zinapaswa kupatikana kwenye kingo za eneo hilo, na hao ndio wapangaji ninaowatafuta.

Kuhusu redio, maelezo yanayonishawishi ni kwamba upepo ukigonga gesi na vumbi vilivyo mbele yake, huzuka wimbi la mshtuko, elektroni huongezwa kasi, na zikizunguka kwenye uga wa sumaku hutoa redio. Wengine wanasema ni jeti ndogo zilizonaswa kwenye gesi hiyo hiyo kabla hazijatoka. Data zangu haziwezi kuzitenganisha. Zote mbili, hata hivyo, zinahitaji mambo mengi njiani, na umri ndio unaoyaleta.

Ngata yenyewe, kwa njia, imeanza kutetereka. Darubini za Chile zilizounganishwa pamoja, zile za VLTI, zimekuta kwenye galaksi kadhaa za karibu kwamba sehemu kubwa ya vumbi lenye joto imetandazwa kuelekea juu na chini, mahali ambapo kwa mchoro wa vitabuni hapakutakiwa kuwa na vumbi. Inafanana na upepo wenye vumbi kuliko na nguo iliyokunjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Usiku wa upepo. Nimeacha takwimu nikafungua spektra moja moja, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni. Ukitazama asilimia tu unasahau kuna vitu.

Niliyoitazama kwa muda mrefu ina z karibu na 2. Mstari wa kaboni iliyopoteza elektroni tatu, ambao maabara huuweka kwenye nanomita 154.9, kwake umefika kama 465. Ni mlima mrefu mwembamba. Na kushoto yake, upande wa bluu, mahali ambapo mwanga ulipaswa kutambaa tambarare, kuna bonde. Pana, kuta zake si wima, sakafu yake ina vijiwe-vijiwe. Katikati yake ni kwenye 449. Kaboni ile ile, lakini inatujia: iko kati yetu na kiini, inafyonza mwanga, inakuja huku. Nikapiga hesabu pembeni mwa daftari: kilomita 10,000 kwa sekunde. Kutoka hapa Tanga hadi Mwezini, sekunde 38.

Na huo si upepo mkali. PDS 456, kwasari ya karibu, ilipimwa kwa eksirei na setilaiti za XMM-Newton na NuSTAR, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa upepo wake unakwenda kwa takriban robo ya kasi ya nuru, ukitoka pande zote.

Kuitwa kwasari yenye bonde kuna masharti. Kipimo kilichowekwa mwaka 1991 kinataka bonde liendelee bila kukatika kwa angalau kilomita 2,000 kwa sekunde na lianzie mbali na mlima. Vibonde vidogo havihesabiwi. Kuna kundi la ndani zaidi, zile ambazo magnesi nayo imechimba bonde. Hizo ni adimu na ndizo zenye vumbi jingi. Nilipozipanga zangu kwa rangi, zilijikusanya upande mwekundu kama siafu kwenye sukari.

Kisha nikakuta kosa la nne. Kwenye safu ya upepo, 0 inamaanisha "haina bonde" *au* "bonde halikuwezekana kuonekana". Spektra za SDSS za wakati huo zinaanzia nanomita 380. Kwa z ya chini ya 1.7 hivi, bonde la kaboni lote au sehemu yake liko nje ya kurasa. Nilikuwa nimezihesabu zote kama tulivu. Nimegeuza daftari nikasoma jalada langu mwenyewe. Herufi kubwa, wino mwekundu. Wiki mbili tu zilizopita.

Ijumaa, 28 Machi

Mwezi umekaribia kufa, anga ni jeusi, na Idi iko mlangoni. Baada ya tarawehe nilipanda juu ya paa na mpwa wangu, ambaye mama yake amemruhusu akeshe kwa sababu kesho ni Jumamosi.

Nikamwonyesha buruji ya Sumbula, ambayo manahodha wa mwambao huu waliijua kwa jina hilo kabla ya SDSS na kabla ya babu zake. Usiku wa manane wa mwisho wa Machi hupita karibu juu ya kichwa kwetu. "Pale," nikamwambia, "katikati ya kile kiza, ndipo ilipo 3C 273."

"Sioni kitu."

"Hata mimi. Inataka darubini ya kama sentimita 20."

"Sasa umejuaje ipo?"

Nilikuwa na majibu mengi: darubini ya redio ya Parkes huko Australia, mwaka 1962, Mwezi ulipoipita mbele na Cyril Hazard na wenzake wakapata mahali pake kwa kutazama redio inavyozima na kuwaka. Nilimpa hilo la Mwezi. Alilipenda. Akauliza kama ile ni ya machungwa au ya bluu.

"Ya bluu."

"Kwa hiyo imeshafagia."

Upepo wa kaskazi ulikuwa umeshachoka, juu ya paa hakuna hata kiupepo. Nilimwambia ndiyo, nadhani imeshafagia.

Jumamosi, 5 Aprili

Baada ya Idi, biskuti bado zipo. Nimefanya jambo ambalo nilikuwa naliogopa: nimeacha kugawa kwa "nyekundu" na "bluu" na kukadiria E(B−V) ya kila kwasari. Kwa z ya 1.5, vumbi la 0.1 huongeza tofauti ya g na i kwa kiasi cha 0.4 hivi, kwa hiyo rangi inageuzwa kuwa vumbi kwa makadirio ya kienyeji. Victoria Fawcett na wenzake walifanya hivi vizuri zaidi mwaka 2023 kwa spektra za DESI, chombo chenye nyuzi 5,000 kwenye darubini ya mita 4 ya Mayall huko Arizona, na wakakuta kwamba kadiri vumbi linavyoongezeka ndivyo uwezekano wa kuonekana kwenye redio unavyopanda, kwa ngazi, bila kuruka.

Umeme ulikatika mara mbili, mara ya pili skripti ikiwa imebakiza dakika chache. Nikaanza upya.

Yangu inapanda pia. Ngazi nne za kwanza zinapanda vizuri, ya tano inayumba. Nilihesabu zilizomo kwenye ya tano: chache mno, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu kwasari yenye vumbi zaidi ya hapo haipiti mlango wa rangi wa SDSS. Haimo kwenye katalogi. Kwenye grafu nimeichora ngazi ya tano kwa nukta zilizokatika, na pembeni nikaandika −1.

Dada wa Afrika Kusini amejibu asubuhi: tazama kwa MeerKAT. Darubini 64 kule Karoo, zinaona redio hafifu kuliko FIRST, na nyingi ya data zake ziko wazi. Ameniwekea kiungo cha eneo moja la anga. Faili ni kubwa kuliko laptopu yangu. Jumatatu nitamwomba mwalimu wa TEHAMA aniazime ile ya maabara, nikimwahidi sitaing'oa kitufe.